Pikipiki imelala baridi yote na sasa inasumbua: dalili, sababu na pa kuanzia

Baridi ikiisha malalamiko ni yaleyale. Pikipiki ilikuwa nzima kabisa siku inalazwa, miezi minne mitano hamna aliyeigusa, leo imetolewa na haiwaki, au inawaka inazima, au inatembea ila ina misi mpaka unajiuliza kama ni hii hii. Na watu wanakimbilia kununua, mara betri mpya, mara plagi, wengine kabureta nzima (ile inayochanganya petroli na hewa), kabla hata ya kufungua kifuniko cha tanki na kunusa. Anza na petroli jamani. Vingine vyote vitakusubiri.

Hapa nimepanga kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu inayokutwa sana, vya kuangalia kwa macho viko mbele, vya kushika spana viko nyuma.

Petroli ikilala inakuwaje

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na zile sehemu nyepesi ndo zinazosaidia injini ya baridi kushika moto, ila ndo hizohizo zinazoruka kwanza. Inayobaki inakutana na hewa na kugeuka taratibu, inaanza kutoa ute wa kahawia ambao baadae unakauka kama vanishi. Kwenye tanki la lita 15 mambo yanaenda polepole, lakini kwenye bakuli la kabureta ambamo mna vijiko vichache tu vya petroli na tundu la hewa juu yake, wiki chache zinatosha kuharibu.

Halafu kuna ethanoli. Petroli ya E10 ina ethanoli mpaka asilimia 10, na ethanoli inavuta maji. Inayanyonya yale ya unyevu wa hewa na ya jasho la tanki, inayashika vizuri tu mpaka yafike kama nusu asilimia hivi, yaani mililita 5 kwa lita, na baridi ikiwa kali inashindwa hata kabla ya hapo. Ikishindwa, maji na ethanoli vinajitenga pamoja na kuzama chini, petroli inabaki juu ikiwa imepungua okteni, yaani uwezo wa kustahimili bila kugonga ndani ya injini. Sasa fikiria koki, ile ya kufungulia petroli chini ya tanki, inachota wapi. Chini.

Kabla hujafungua chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kutafuta moto, na petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usidanganyike kwamba kuna baridi basi ni salama. Fanyia nje au milango wazi, mbali na hita yenye mwali, sigara na cheche, toa waya hasi wa betri kabla ya kumwaga petroli, weka kizimamoto cha poda karibu. Kunyonya petroli kwa mpira na mdomo usifanye, ikiingia kwenye mapafu hiyo ni hospitali. Na injini usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, ule moshi hauna harufu ya kukuonya vya kutosha.

Kipimo cha chupa

Hiki ndo cha kwanza kwa kila dalili inayofuata. Chota petroli kidogo kutoka chini ya tanki, pale mpira unapotoka kwenye koki, weka kwenye chupa ya kioo safi, iache robo saa, iangalie kwenye mwanga. Iliyo nzima inang'aa na harufu yake inakupiga. Yenye rangi ya chai na harufu chachu kama rangi ya mbao ya zamani imechoka. Ukiona mstari katikati, tabaka mbili, au matone yanazunguka chini, hayo ni maji. Chembe nyekundu ni kutu. Rangi peke yake isikudanganye maana kuna petroli inatiwa rangi toka kiwandani, pua inasema kweli zaidi.

Ikifeli hapo, mwaga yote. Kuongeza lita tatu mpya juu ya mbovu hakusaidii kama kuna maji chini, na stabilaiza, ile dawa ya kutunzia petroli, haifufui iliyokwisha kufa, inazuia tu nzima isife haraka.

DALILI: stata inazunguka vizuri, haiwaki kabisa

Usicheke, sababu namba moja hapa ni koki kufungwa. Ulifunga mwenyewe wakati wa kuilaza, ukasahau. Angalia pia ile swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani, stendi ya pembeni na gia, kuna pikipiki haziwaki stendi ikiwa chini na gia imeingia. Sekunde tano tu hizo na zimeokoa pesa za watu wengi.

Inayofuata ni bakuli la kabureta, ama tupu kabisa kwa sababu imekauka, ama lina petroli ya mwaka jana. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia, weka kopo, ilegeze. Ikitoka kidogo ikakata, petroli haishuki kutoka juu. Ikitoka ya kahawia, iache imwagike mpaka ije safi, funga, jaribu tena. Kama koki yako ni ile inayofunguka kwa mvuto wa injini, iweke kwenye PRI (alama inayopitisha petroli moja kwa moja) nusu dakika bakuli lijae, maana kwenye ON haitoi kitu mpaka injini izunguke, na bakuli likiwa kavu utachosha betri bure.

Bado? Toa plagi uiangalie. Kavu maana yake petroli haifiki, rudi kwenye koki, filta na kabureta. Imelowa maana yake inafika ila haishiki, na hapo ni petroli mbovu, au umeijaza kupita kiasi kwa kuzungusha sana na choki, au cheche ni dhaifu. Plagi iliyolowa ikaushe, acha silinda ipumue dakika kumi, rudisha, bila choki na resi ikiwa imefunguliwa yote jaribu tena. Ukipima cheche usiishike plagi karibu na tundu lake, mle ndani kuna mvuke.

Usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, ipumzishe nusu dakika. Na kama inazunguka kwa uvivu, acha habari za petroli kwa muda upime betri, ikitulia inatakiwa iwe volti 12.6 kwenda juu, chini ya 12.4 chaji kwanza, na wakati wa kuzungusha ikishuka chini ya 10 hiyo imechoka. Kwa pikipiki za injekta, zinazopuliza petroli kwa pampu na kompyuta badala ya kabureta, hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, betri ikiwa dhaifu pampu na kompyuta havifanyi kazi sawasawa na unaona dalili zote za petroli wakati petroli haina kosa.

Kwa injekta sasa. Washa ufunguo bila kustati na usikilize, pampu inatakiwa inung'unike sekunde mbili tatu ikanyamaza. Ikiwa kimya kabisa, angalia fyuzi, relei, plagi ya waya ya pampu, baada ya hapo ndo ushuku pampu yenyewe imeganda kwa ute wa petroli ya zamani. Ikinung'unika na bado haiwaki, filta imeziba au nozeli imegandamana. HAPA SIMAMA kama huna geji ya presha. Mfumo huo unabeba karibu baa 3, ukichomoa mpira bila kutoa presha unajirushia petroli usoni. Fundi mwenye geji anamaliza swali hilo kwa dakika chache, wewe utabadilisha vitu kwa kubahatisha.

DALILI: inakaa kwa choki tu, ukitoa choki inazima, sailensa (mzunguko wa chini bila kupiga resi) haikai

Hii ndo yenyewe. Kama pikipiki ni ya kabureta na imelala na petroli ndani, dau langu ni hili hata kabla sijaiona. Jeti ndogo ya sailensa, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, imeziba. Tundu lake kwa pikipiki nyingi halifiki hata nusu milimita, tabaka jembamba la vanishi linatosha kulifunga, na choki inakuficha tatizo kwa sababu ina njia yake nyingine ya petroli.

Ikiwa imeziba nusu tu, yaani inakaa sailensa ikipashwa moto ila inapanda na kushuka, jaribu njia ya kivivu kwanza. Petroli mpya, dawa ya kusafisha mfumo wa petroli kwa kipimo cha kwenye chupa, iwashe ikae dakika kumi, izime, ilale na mchanganyiko huo mle ndani usiku mzima, kesho uiendeshe. Mara nyingine inafunguka. Ikiwa imeziba kabisa usipoteze muda, ile dawa haipiti pasipopitika.

Kufungua kabureta siyo uchawi ila kuna sehemu za kuharibu. Funga koki, mwaga bakuli, piga picha za mipira na kebo kabla ya kuchomoa. Skrubu za kabureta za Kijapani zina kichwa kinachofanana na nyota ya kawaida lakini siyo, ni JIS, kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida inazila mpaka zinakuwa duara, tafuta bisibisi yake. Bakuli likitoka utaona maboya, jeti kubwa katikati na ndogo pembeni, mara nyingi imezama ndani ya kitundu chake. Itoe kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, ni shaba, ni laini. Inyanyue kwenye mwanga, unatakiwa uone duara safi kabisa, ukiona nusu duara bado chafu.

Usiingize waya wa chuma wala kijino cha drili, utapanua tundu na baada ya hapo itakunywa petroli maisha yake yote. Tumia spreyi ya kabureta, vaa miwani kwa sababu inarudi kupitia tundu usilotegemea, na ikibidi unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Vitu vya mpira, oringi na ile diaframu ya juu, toa kabla ya kupuliza spreyi maana vinavimba. Hewa ya kompresa ni nzuri ila maboya na diaframu viwe nje. Na watu wengi wanasafisha jeti wanasahau vijitundu vya kwenye mwili wa kabureta yenyewe, pale karibu na mlango wa hewa, wanarudisha kila kitu na dalili iko palepale. Puliza huku uone inatokea kule.

Skrubu ya mchanganyiko, kabla hujaitoa, izungushe ndani taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, andika. Ukiibana kwa nguvu unaharibu ncha yake.

Kama jeti ni safi na bado, angalia ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukikauka unapata nyufa na hewa inaingia pembeni. Nyunyizia maji hapo injini ikiwa kwenye sailensa, sauti ikibadilika umepata. Nimeona watu wanatumia spreyi inayowaka kwa kipimo hicho kwenye injini ya moto, sishauri.

SIMAMA kama una kabureta mbili au nne. Kuzisafisha sawa, ila kuzitenganisha na kuzirudisha zivute sawa kunahitaji geji za mvuto, mpe mwenye nazo.

DALILI: sailensa poa, ukipiga resi inakohoa, au inaenda dakika kadhaa inazima

Kama inaenda vizuri kisha inakufa taratibu kama imeishiwa, ukisubiri kidogo inawaka tena, kabla ya yote fungua kifuniko cha tanki wakati imezima. Ukisikia hewa ikivutwa, fssss, na inawaka papo hapo, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Wadudu wanapenda sana vitundu hivyo, na mipira ya kupumulia ya tanki pia.

Isipokuwa hilo, petroli inashuka kidogo kuliko inavyotumika. Chomoa mpira, elekeza kwenye kopo, fungua koki uangalie, inatakiwa itiririke bila kukatika. Ikidondoka matone, chujio la ndani ya koki limejaa kutu au ute. Ikitiririka vizuri nenda filta ya njiani, halafu jeti kubwa.

Na ufungue boksi la filta ya hewa. Panya wanajenga humo wakati wa baridi, pamba na majani yamejaa mpaka mdomoni, na mtu anahangaika na jeti wiki nzima.

Ikigonga gonga ukipanda mlima, kama kuna mtu ana nyundo ndogo ndani ya injini, okteni imeshuka. Usiilazimishe, petroli mpya, basi.

DALILI: petroli inamwagika kutoka kabureta, au oili imepanda

Hii usiichukulie poa. Sindano ya boya imegandishwa na vanishi au kuna chembe imekaa chini yake, haifungi, petroli inaendelea kushuka tu. Funga koki mara moja. Gonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi sindano inajiachia. Ikiendelea, fungua bakuli, safisha sindano na kiti chake, angalia ncha kama ina mfereji, ikiwa nao badilisha.

Kabla ya kuwasha tena chomoa kijiti cha oili. Kama kiwango kimepanda tangu ulipoilaza au inanuka petroli, USIWASHE. Petroli imepita silinda ikashuka kwenye oili, oili hiyo hailainishi tena. Na silinda ikiwa imejaa petroli haikandamiziki, ukibonyeza stata kitu kinachopinda ni koneksheni rodi, ule mkono unaoshika pistoni. Stata ikigonga mara moja ikakwama, usirudie. Toa plagi, waya zake zipeleke mbali na matundu na uzishikize kwenye bodi, zungusha taratibu petroli itoke, badilisha oili na filta. Ukisikia chuma kikigonga baada ya hapo, ni gereji moja kwa moja, isukume, usiiendeshe.

DALILI: kutu ndani ya tanki

Tanki la chuma lililolala nusu linatoa jasho kwenye ile sehemu tupu, na jasho linazaa kutu. Vumbi jepesi la rangi ya chungwa unaweza kulitoa mwenyewe. Toa tanki na koki, ziba matundu, jaza siki nyeupe au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji, iache siku moja au mbili, mwaga, suuza na maji yenye magadi ya kupikia kuua asidi, halafu ukaushe haraka sana na kuzungushia oili kidogo ndani, maana chuma kilicho uchi kinashika kutu tena palepale unapokiangalia. Weka filta mpya ya njiani, chembe zitaendelea kutoka kwa muda.

Kutu ikiwa imetoboa, au tanki linalowa kwenye maungio, acha. Tanki lililowahi kuwa na petroli halichomelewi nyumbani hata kama umeliosha mara tatu, linalipuka. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kulisafisha mvuke kabla ya moto.

Moshi mweupe mwepesi dakika za mwanzo ni maji ya kwenye eksozi, yatakauka. Mweusi ni choki imeachwa au filta ya hewa imeziba.

Kwa anayeilaza sasa

Nunua petroli mpya, isiyo na ethanoli kama inapatikana. Weka stabilaiza kwa kipimo chake kwanza, halafu jaza tanki mpaka karibu na shingo, uache nafasi ndogo ya kutanuka, ili hewa ya kutoa jasho isiwepo. Mpangilio huo una maana, ukijaza kwanza dawa haichanganyiki vizuri. Kisha hapa ndipo wengi wanakosea, wanaweka dawa wanafunga mlango. Dawa iko tankini, kwenye kabureta bado kuna ya zamani! Washa nje, iunguze dakika kumi ili iliyotiwa dawa ifike mpaka kwenye jeti.

Baada ya hapo kwa kabureta funga koki na mwaga bakuli kwa ile skrubu ya chini. Kuna wanaosema uache injini iwake mpaka ijizime yenyewe, inapunguza ila inaacha kidogo chini, na kile kidogo ndo kinachokauka kuwa gundi, kwa hiyo mimi ni mtu wa skrubu. Kwa injekta usimwage, acha tanki limejaa, pampu inapozwa na kulainishwa na petroli, ikibaki kavu inashika kutu na kuganda.

Ile tabia ya kuiwasha dakika tano kila wiki iache. Injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye oili na eksozi, na betri unaipunguza kuliko unavyoirudishia. Weka chaja ndogo inayojizima, inatosha.

Petroli uliyomwaga isiende mtaroni wala kwenye udongo. Ile yenye maji au ute peleka inakopokelewa taka hatari ikiwa kwenye dumu la petroli lenye kifuniko na lebo. Iliyozeeka kidogo tu, angavu na haina tabaka, wengine wanaichanganya kidogo kidogo kwenye tanki kubwa la gari la petroli lililokaribia kujaa, hiyo sawa, ila siyo kwenye pikipiki uliyotoka kusafisha jeti zake.